Jibu: Maswali ya Krismasi hayafanani na majibu
Mambo dada. Kama nimekuelewa, wanao wanasomea nyumbani, unawatungia hesabu za Krismasi kwenye Excel, ukishaprinti unakuta karatasi ya majibu haiendani na ya maswali. Cheki kwanza kama umetumia =RANDBETWEEN(1,20), fomula inayochagua namba yoyote kati ya 1 na 20, hiyo kila ukibadilisha kitu kwenye seli yoyote inaleta namba mpya. Kopi kwanza shiti yenye fomula uiweke pembeni, halafu kwenye ya kuprinti, namba zikikaa unavyotaka, chagua seli zote, kopi, klik ya kulia, Paste Special, Values, hapo zinaganda. Picha za theluji mi nilitoa, theluji gani Mwanza? Wangu wanachangamkia "mama kanunua samaki sato 12 soko la Mwaloni, wageni wamekula 7", ikifika Nane Nane nabadilisha maneno tu. Kwa simu sijajaribu.