Shahada ya chekechea katika chuo cha kanisa: TSC wataitambua?

Mwalimu, umesema una cheti cha ECDE (elimu ya utotoni) cha KNEC, baraza la mitihani la Kenya, unafundisha PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) katika shule ya kanisa, na unataka shahada ya chuo kikuu cha Kikristo kwa mpango wa kusoma wakati wa likizo za shule. Swali lako ni kama TSC, tume inayosajili walimu, wataitambua. Wataitambua ikiwa ni shahada ya ualimu, na hapo ndipo wengi huumia.

Katika vyuo hivi utakuta kozi mbili zinazofanana kwa mbali. Moja ni B.Ed (shahada ya ualimu) ya elimu ya utotoni. Nyingine ni ya huduma ya watoto au elimu ya Kikristo, na mara nyingi iko chini ya theolojia. Hiyo ya pili inamwandaa mtu kwa Sunday school na malezi ya watoto kanisani. Haina mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo haikufanyi mwalimu wa kusajiliwa. Kabla ya kulipa hata shilingi ya fomu, tafuta kozi yenyewe katika orodha ya CUE, tume ya elimu ya vyuo vikuu. Vyuo vya Kikristo kama Baraton, CUEA (cha Kikatoliki) na Daystar vilipata hati ya kutambuliwa (charter) 1991, 1992 na 1994, lakini hati ya chuo haiidhinishi kila kozi inayotangazwa. Kisha omba orodha ya masomo: saikolojia ya makuzi, mbinu za kufundisha, upimaji, na TP (mazoezi ya kufundisha) ya muhula mzima. Kama TP haimo, achana nayo.

Kuingia shahada ni C+ ya KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari) au diploma. Cheti pekee hakikuvushi. Kama huna C+, njia yako ni UDECTE ya KNEC kwanza, ndiyo diploma ya kujiendeleza kwa wenye vyeti. Ukifika chuoni na diploma, omba kusamehewa masomo uliyokwisha kuyafanya, kwa barua, kabla ya kujisajili muhula wa kwanza. Ambatisha transkripti pamoja na maelezo ya kila somo; transkripti peke yake hurudishwa, kwa sababu idara haiwezi kulinganisha majina matupu.

Masomo ya Biblia ni ya lazima, yana mtihani na yanaingia kwenye wastani. Wanaoyaacha "ya kumalizia" hukwama mwaka wa mwisho muda wa kufundishwa usipolingana na likizo yao. Nayo si mzigo wa bure: dini ni eneo la kujifunza katika PP1 na PP2. Ukichagua Baraton, kumbuka ni ya Waadventista: Jumamosi hakuna darasa, na ratiba ya likizo hubanwa siku zilizobaki.

TP ifanyie PP1 au PP2, katika kituo kilichosajiliwa. Mwalimu mkuu akikuhamishia Gredi ya 4 kuziba pengo, mjulishe mhadhiri siku hiyo hiyo, la sivyo tathmini inaweza kukataliwa. Weka maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na rekodi za maendeleo ya watoto katika faili moja. Kinachowaangusha wengi ni kona za kujifunzia zilizopangwa asubuhi ya ukaguzi: watoto wanaona vizibo na mbegu kwa mara ya kwanza, wanazigombania, na somo linaharibika mbele ya mkaguzi.

Kwa usajili wa TSC andaa vyeti na transkripti, kitambulisho, PIN ya KRA (mamlaka ya kodi), picha, cheti cha tabia njema cha DCI (idara ya upelelezi) na fomu ya GP69 iliyojazwa na daktari. Majina yasipolingana kati ya KCSE na kitambulisho, tengeneza hati ya kiapo mapema.

Jambo la mwisho ni mshahara. TSC husajili, lakini chini ya Katiba ya 2010 elimu ya chekechea ni jukumu la kaunti, na ajira hutangazwa na bodi ya utumishi ya kaunti. Matangazo mengi huomba cheti au diploma na kulipa kwa ngazi hiyo, hata ukija na shahada. Kama unachotaka ni kazi ya kaunti haraka, UDECTE na namba ya TSC vinatosha kuomba. Shahada ina maana zaidi ukilenga usimamizi au kufundisha walimu chuoni. Kaunti wakikuambia shahada itahesabiwa baadaye, omba uonyeshwe skimu ya utumishi iliyoandikwa.