Mkuu usilipie hiyo printa ya laki na sitini, ulizia wino kwanza

Wewe unayetaka kufungua stationery karibu na chuo huko Morogoro, rudisha hela mfukoni. Umeandika umepata printa mpya laki na 60, inaprinti, inaskani, inatoa kopi, na jamaa wa dukani kakwambia "inatosha kuanzia". Aisee tumbo limeniuma, maana maneno hayo hayo na mashine ya aina hiyo hiyo vilishanila mimi mwaka 2019.

Nimesoma swali lako mara mbili, hakuna sehemu umetaja bei ya katriji, yaani kile kikasha cha wino. Hadi rangi ya mashine umetaja, katriji hakuna.

Mimi nilinunua mbili. Mbili mkuu! Kisa shemeji yangu aliyesoma kompyuta alisema moja ikigoma nyingine inapiga kazi. Kariakoo pale kijana kafungua boksi, katoa karatasi moja ina ua jekundu limekolea hatari, nikajiona tajiri tayari. Hakunambia kwamba mashine nyingi za hivyo katriji inayokuja ndani ya boksi huwa na wino kidogo kuliko ile utakayokuja kununua. Wiki ya pili akaja dada mmoja na ripoti yake ya field, kurasa 84, anataka nakala tatu, asubuhi anakabidhi.  Nakala ya kwanza kufika ukurasa wa 31 maandishi yakaanza kuchanikachanika mistari kama pundamilia, wa 40 ukatoka mweupe pee. Nikahamia mashine ya pili, nayo ikaenda ikaenda ikakata. Saa mbili usiku, dada wa watu kakaa kwenye benchi ananiangalia tu, hasemi kitu, bora angenitukana.

Kesho yake nikanunua katriji nyeusi ori, elfu 48. Nafika dukani kwangu ndo nasoma boksi lake: kurasa 120. Haya piga hesabu, 48,000 gawa kwa 120 ni shilingi 400 kwa ukurasa, na mimi nilikuwa naprinti kwa 200. Yaani kila mteja aliyeingia nilikuwa namchangia mia mbili ya kwangu, bado karatasi, bado umeme. Ndo maana walikuwa wananipenda sana, foleni hadi nje, mama watoto anasema biashara imekubali! Na hizo 120 ni hesabu za kiwandani, za ukurasa ambao wino umefunika kama asilimia 5 tu. Akija mwalimu na mtihani wa Jiografia wenye ramani, hizo kurasa utazisikia redioni.

Shemeji akarudi na wazo jipya, eti tujaze wino kwa sindano. Tukajaza. Nilikwenda msibani Jumapili vidole vyeusi kama nimepiga kura vituo kumi, na katriji ikavuja ikaua kabisa mashine moja. Tukahamia katriji feki za elfu 15, siku mbili zikafanya kazi, ya tatu mashine ikaandika haizitambui. Nikampigia kijana wa Kariakoo akanijibu "bro hizo ni za matumizi ya nyumbani". Sasa ulivyoniona nabeba mbili na nakwambia nafungua stationery ulidhani nina nyumba mbili?

Kwa hiyo mkuu, kabla hujauliza mashine shilingi ngapi, uliza inatumia wino gani, bei yake, na unatoa kurasa ngapi, kisha gawa hapo hapo mbele ya muuzaji. Akikwepa kukupa namba, ondoka. Mimi sasa hivi kazi za rangi natumia printa ya Epson ya matenki, unamimina wino wa chupa, wino namba 003, chupa nyeusi ya mililita 65 imeandikwa kurasa 4,500, niliyonunua mwisho ilikuwa elfu 30, hiyo ni kama shilingi 7 kwa ukurasa. Mashine yake ni ghali kuliko hiyo yako, najua, na usipoiprintia siku nyingi hedi, ile sehemu inayorushia wino, inakauka, kwa hiyo kila siku chache itolee hata ukurasa mmoja wa rangi. Kazi za nyeusi nina printa ya leza yuzdi (mtumba) ya HP inayokula tona, wino wa unga, ya 85A, ya ori inatoa kama kurasa 1,600. Mimi naweka ya kufananishwa, siyo ya HP wenyewe ila inaingia, ya elfu 25, hata ikiishia 1,000 ni shilingi 25 kwa ukurasa na nalala usingizi. Ukipewa leza, ulizia jina la tona, nenda duka lingine kabisa kaulizie kama ipo. Isipokuwepo kwa watu watatu, hiyo mashine ni pambo.

Uliuliza pia laptop na UPS eeh. Laptop chukua yoyote inayowaka, kazi yake pale ni kufungua PDF. UPS, ile betri ya akiba umeme ukikatika, ni kwa kompyuta tu, leza usije ukaichomeka humo, inavuta umeme mwingi ikipasha moto, utaiua UPS bure. Laminesheni sina uzoefu nayo.

Ile printa yangu iliyobaki ipo juu ya kabati, mama watoto kaiwekea maua ya plastiki. Ukibisha njoo nikuuzie elfu 20, wino utajitegemea.