Mvutano wa dunia unaigusa hata nyutroni moja
Mdogo wangu, umeuliza kama kupinda kwa wakati-anga (yaani wakati na nafasi vikiwa kitu kimoja; kupinda kwake ndiko tunakohisi kama mvutano) ni habari ya sayari na nyota tu, au kunagusa hata chembe ndogo. Kunazigusa, na imeshapimwa.

Mwaka 1975 huko Marekani, wanafizikia Colella, Overhauser na Werner waliugawa mwale wa nyutroni (chembe zisizo na chaji zilizomo katika kiini cha atomu) kwa kipande cha silikoni, ukapita njia mbili, kisha wakaukutanisha tena. Ukivuka Magogoni kwenda Kigamboni, angalia pantoni mbili zikipishana: mawimbi yake yakikutana, mahali pengine yanapandana, pengine yanafutana na maji yanatulia. Nyutroni nayo hufanya hivyo, hata ikipita peke yake. Walipokigeuza kifaa ili njia moja iwe juu ya nyingine, idadi ya nyutroni zilizofika upande mmoja ikawa inapanda na kushuka. Mvutano ulikuwa umelisogeza wimbi! Kila nikilifikiria jaribio hili nasisimka.

Kiini chake ni wakati: juu unakwenda haraka kidogo kuliko chini. Saa ya atomu ukiiweka juu ya jengo la ghorofa kumi pale Kariakoo, kwa mwaka itaitangulia ya chini kwa takriban sekunde 0.0000001. Na mwaka 2022, kule Colorado, tofauti hiyo ilionekana ndani ya wingu moja la atomu za strontiamu, kwa kimo cha milimita 1 tu.

Kama mvutano wenyewe nao una tabia za kikwanta (tabia za chembe ndogo, kama hiyo ya nyutroni kuwa wimbi), hilo bado halijapata kipimo.