Maswali na majibu: Umeme wa juu ya ngozi kwa waliofunga choo miaka mingi

Mwezi uliopita niligusia hapa kwamba iko tiba ya kufunga choo inayopitisha umeme mdogo juu ya ngozi, bila sindano wala kisu. Maswali yamemiminika, na mengi yanaanza na maneno yale yale: "Samahani, naona aibu kuuliza." Mimi ni mfiziotherapia, habari za choo ndiyo kazi yangu ya kila siku. Ulizeni.

Mwanangu ana miaka minane. Hukaa siku tano, hata sita, bila choo, halafu chupi inachafuka na wenzake shuleni wanamcheka. Papai, maji, dawa ya kulainisha, vyote tumempa. Nafuu inakuja na kuondoka. Huo umeme unafanyaje kazi? — Mama, Tanga

Pole sana mama. Kabla ya umeme nakuomba jambo moja: mtoto asichapwe wala kugombezwa kwa sababu ya chupi. Hafanyi makusudi. Choo kikikaa siku nyingi hukauka na kutanua sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na utumbo uliotanuka hivyo hauhisi tena kwamba umejaa. Choo kipya, kikiwa bado majimaji, hupenya pembeni na kuvuja bila yeye kujua. Ndiyo maana wengine hudhani anaharisha.

Tiba unayoiulizia ilifanyiwa utafiti kwa watoto wa namna hiyo huko Melbourne, Australia. Mwaka 2005 timu ya huko, akiwemo mfiziotherapia Janet Chase na mtafiti Bridget Southwell, ilichapisha jaribio dogo la watoto wanane ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Pedi nne za kunata hubandikwa: mbili tumboni chini kidogo ya mbavu, mbili mgongoni. Nyaya hupishana, pedi ya mbele kulia ikiunganishwa na ya nyuma kushoto. Mkondo mmoja hupiga mara 4,000 kwa sekunde, wa pili huuzidi kidogo. Umeme wa kasi hiyo hupita kwenye ngozi bila kuisumbua. Mikondo hiyo miwili ikikutana ndani ya tumbo, tofauti yake huzaa mdundo wa polepole zaidi, mara 80 hadi 150 kwa sekunde. Mdundo huo ndio unaoaminika kuziamsha neva za utumbo uliozubaa.

Wiki iliyopita nilijibandika mwenyewe ili nisikueleze jambo la kusikia. Pedi ni za baridi zikigusa ngozi. Ukiongeza nguvu kidogo kidogo, unahisi kama sisimizi wanatembea chini ya mbavu, vile mguu uliokufa ganzi unavyozinduka. Baada ya dakika chache mwili unazoea. Hapakuwa na maumivu, na mtoto anaweza kuandika kazi zake za shule huku amebandikwa. Kule Melbourne walianza na dakika 20 kliniki, mara tatu kwa wiki. Baadaye familia zilipewa mashine ndogo za betri, saa moja kila siku nyumbani, kwa miezi.

Kwa mwanao, daktari kwanza ampapase tumbo, na choo kilichoganda kitolewe kwa dawa. Mwambie pia kama choo chake cha kwanza alipozaliwa kilichelewa kupita siku mbili. Hiyo huweza kuwa dalili kwamba kipande cha utumbo hakina neva tangu kuzaliwa, na hapo mashine haisaidii. Ni kazi ya daktari wa upasuaji.

Dada yangu ameuziwa mkanda wa umeme wa "kusafisha utumbo". Hii ni sayansi au biashara? — Msomaji, Nakuru

Mkanda huo siwezi kuutetea. Tiba yenyewe ina ushahidi, ila bado ni mdogo. Mwaka 2016 wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walipotafuta majaribio ya watoto yenye vigezo vya kuaminika walipata moja tu, la watoto 46, na hawakuweza kutoa kauli ya uhakika. Mwaka 2020 Australia ilitoa jaribio la wanawake 33: wengine walipewa umeme halisi, wengine mashine ya kuigiza, yaani inayofanana nayo lakini haitoi tiba yenyewe, saa moja kwa siku kwa wiki sita. Waliopata umeme halisi, zaidi ya nusu walifikia kupata choo kamili angalau mara tatu kwa wiki. Kwa wale wa kuigiza ni wachache sana.

Mashine ya kuigiza ndiyo mzani wangu, na nitakwambia kwa nini. Mwaka 2015 Uingereza ilitoa matokeo ya watu zaidi ya 200 wanaoshindwa kuzuia choo, waliosisimuliwa neva ya kifundo cha mguu kwa sindano nyembamba. Wengi walikuwa na matumaini makubwa, lakini haikuonekana kuishinda ile ya kuigiza kwa tofauti ya maana. Kwa hiyo mtu akikuambia "wateja wangu wote wamepona", muulize amewalinganisha na nani.

Mimi ningemshauri umeme mtu ambaye utumbo wake umepimwa ukaonekana ni mzito, na ambaye dawa za kulainisha choo amezitumia sawasawa, kila siku, kwa kipimo kinachotosha. Wengi wanaosema dawa imewashinda waliimeza siku tatu wakaacha.

Ninayo TENS, ile mashine ndogo ya umeme ya kutuliza maumivu ya mgongo. Naweza kuibandika tumboni? — Nairobi

Usianze peke yako. TENS ya kawaida haina ile mikondo miwili inayokutana. Watafiti wameijaribu kwa njia nyingine, hasa kifundoni, nyuma ya mfupa wa upande wa ndani, kwa sababu neva ya pale hutoka kwenye mizizi ile ile ya uti wa mgongo inayohudumia utumbo wa mwisho. Ibebe uende nayo fizio. Na usiiguse kabisa kama una kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, kifafa, au saratani sehemu hizo.

Nina ujauzito wa miezi sita, vidonge vya kuongeza damu vimenifunga choo. — Mwanza

Umeme wa tumboni hapana, mdogo wangu. Vidonge usiviache, waambie kliniki, wana dawa salama za kulainisha choo.

Nina miaka 58. Choo kimebadilika tangu miezi mitatu, na naona damu kidogo. Naomba nielekezwe mashine ilipo. — Morogoro

Shikamoo mzee wangu. Nakusihi, mashine iache. Damu na mabadiliko mapya katika umri wako yanahitaji kamera ya utumbo mpana, na uende wiki hii. Huenda ni bawasiri, lakini saratani ya utumbo nayo huanza hivyo hivyo, na ikiwahiwa inatibika.

Choo changu ni laini lakini hakitoki. Najikamua nusu saa, na wakati mwingine natumia kidole. Sijamwambia yeyote. — Mama, Mombasa

Umeniambia mimi, na hauko peke yako. Ninawaona kina mama wenye shida hii mara kwa mara. Kwako utumbo huenda unasukuma vizuri, ila misuli ya sakafu ya nyonga inabana pale inapotakiwa kulegea, kama mlango unaosukumwa huku umefungwa kwa ndani. Umeme wa tumboni haufungui mlango huo. Kinachosaidia ni mazoezi ya kuifundisha misuli kulegea, ukiongozwa na kipimo kinachokuonyesha kwenye skrini inavyobana na kuachia. Ukimpata mtaalamu, mwambie na habari ya kidole, itamsaidia kukuelewa. Wakati unasubiri, nenda chooni baada ya kifungua kinywa, maana chakula huamsha utumbo. Choo cha kuchuchumaa ni kizuri. Kama ni cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu, magoti yapande juu ya nyonga. Tumbo liachie, pumua nje taratibu. Dakika kumi zikipita, inuka, urudi baadaye.