Mtwara ina kalenda yake: kwa Mkenya aliyeletwa huku kikazi

Wakenya wanaoletwa Mtwara, kusini mwa Tanzania, kikazi, wawe wahasibu, wasimamizi wa maghala au mafundi mitambo, karibu wote hushuka na mpango kazi uliogawanywa kwa robo nne za mwaka. Ufungie kabatini. Mimi nimetoka Nakuru, nimekaa huku mpaka watoto wangu wanamcheka bibi yao Kiswahili anapopiga simu, na nakwambia mwaka wa huku una vipande viwili tu: kabla ya korosho na baada ya korosho. Usipolijua hilo utagombana bure na watu wasio na kosa.

Kuanzia Mei au Juni mpaka Agosti, mwenye mikorosho yuko shambani akipuliza salfa, maana ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, ukishika maua basi mwaka umekwenda. Na mwenye mikorosho ni nani? Ni mlinzi wako, dereva wako, katibu muhtasi wako na mwenye nyumba wako. Miezi hiyo hela imekauka mji mzima. Fundi ataomba malipo kabla hajagusa nyundo, mfanyakazi ataomba mkopo wa mshahara mara mbili kwa mwezi. Halafu minada inaanza, kwa kawaida Oktoba, na ukifika Novemba huoni fundi hata kwa dawa. Watu wanaezeka mabati, wananunua pikipiki, madukani magodoro yanaisha. Ukitaka ofisi ipakwe rangi, paka Julai. Utapata fundi mzuri, kwa bei nzuri, na atakushukuru.

Kuna mtego mmoja wa miezi hiyo ya ukame. Mtu atakujia kwa sauti ya chini: weka hela kidogo sasa, msimu ukifika uchukue korosho. Hiyo ndiyo kangomba, kununua mazao ya mkulima kabla ya msimu kwa bei ya kumnyonya, na serikali imeipiga marufuku. Mwaka 2018, serikali iliposema itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, ilifanya uhakiki wa nani ana shamba na nani hana. Walioshika magunia bila mashamba walijua siku hiyo. Wewe mgeni mwenye kibali cha kazi huna sababu hata ya kusikiliza sentensi ya pili ya mazungumzo hayo.

Lakini mnadani nenda. Omba ruhusa ofisini, panda gari la watu wa chama cha ushirika, ukakae nyuma uangalie. Mkulima ameshapeleka korosho AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, zimepimwa, zimeingia ghala kuu kwa mfumo wa stakabadhi ghalani: yeye anabaki na risiti, korosho zinasubiri mnada. Wanunuzi wametoa bei zao, na bei zinasomwa mbele ya wakulima wenyewe. Hapo ndipo pa kuangalia. Inasomwa bei, kimya. Inasomwa nyingine, kimya. Mzee mwenye kofia anakuna ndevu, jirani yake anachora chora chini kwa kijiti. Mgeni ataapa kwamba wameridhika. Halafu mmoja anasimama, anasalimia taratibu, anamshukuru mgeni rasmi, anawashukuru viongozi wa chama, kisha anasema bei hii hatuuzi, na ukumbi mzima unaitikia. Oktoba 2018 walikataa hivyo hivyo, na ile bei ya 3,300 ilitokana na kukataa huko.

Sasa rudi kwenye kikao chako cha Jumatatu. Umetoa pendekezo, umeuliza kama kuna swali, kimya, umeandika kwenye muhtasari kwamba wote wameafiki. Hawajaafiki. Wanasikiliza bei. Dawa yake ni kupitisha siku moja, kisha uwazungukie mmoja mmoja, uanze na aliye mkubwa kwa umri hata kama ni mfagizi. Huyo utampa shikamoo kila asubuhi, bosi au si bosi. Najua kwetu bara shikamoo tuliisoma shuleni tukaiacha hukohuko. Huku mtu akikuona umempita mzee bila shikamoo, shahada zako zote anaziweka kando.

Ijumaa kati ya saa sita na saa nane usiitishe kitu. Mwezi wa Ramadhani kula ndani, na ukialikwa futari nenda. Mambo yaliyokwama ofisini miezi mitatu nimeona yakimalizika kwenye mkeka wa futari kati ya uji na muhogo wa nazi. Shule zikifunga Juni na Desemba utasikia ngoma usiku kucha, za jando na unyago. Usipige simu polisi. Kuna Mkenya alipiga, na polisi aliyepokea simu alikuwa na mtoto wake kwenye shughuli.

Nyumba: kodi hulipwa miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na hakuna haja ya kulia. Shangani kuna upepo wa bahari na bei yake. Chikongola na Magomeni kuna majirani. Ukihamia tu, kajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu siku utakapohitaji barua yake, na utaihitaji, isiwe ndiyo siku anayokuona kwa mara ya kwanza. Vibali ni viwili, watu huvichanganya: cha kazi kwa Kamishna wa Kazi, cha ukaazi kwa Uhamiaji. Usije na hoja kwamba sisi sote ni Afrika Mashariki. Sheria ya ajira za wageni ya 2015 haina sura ya undugu.

Chakula hakitakusumbua ila chai. Kwa mama ntilie ukiagiza chai utaletewa ya rangi, na maziwa ni ombi maalumu linaloleta kopo la unga. Zoea. Badala yake una pweza, una kisamvu cha nazi, na ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha inayouzwa barabarani, ambayo sijaona Mkenya akiijaribu mara moja tu. Utani kwamba Wamakonde, wenyeji wa huku, hula panya waachie watani wao. Wewe bado si mtani wa mtu.

Mwisho, barabara. Kwenda Dar es Salaam ni kama kilomita 560 na njia ya kutegemewa ni moja. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata upande wa Somanga, na waliokuwa na safari ya hospitali au ndege walielewa maana ya kuwa kusini. Kwa hiyo dawa unazotumia kila siku ziwe na akiba ya mwezi, na ndege ya kwenda nyumbani Krismasi usiipangie basi la siku hiyohiyo. Tiketi ya Desemba kata Novemba mapema, kabla wenye hela za mnada wa pili hawajafika stendi. Basi linaondoka alfajiri. Chukua siti ya kushoto. Kulia jua litakuchoma mpaka saa sita.