Maswali na majibu: PS inachemka

Meseji nyingi za wiki hii ni za mashine za gemu, PlayStation (PS) na Xbox, kuchemka, twende moja moja.

Fundi shikamoo, PS4 yangu feni inalia kama ndege inapaa, nusu saa tu inaandika imepata joto inajizima. Feni imekufa?

Marahaba. Feni haijafa, inalia kwa sababu inapambana na hewa haipiti. Juzi nimefungua moja ya banda la gemu, zile pezi nyembamba za hitisinki, kile chuma cha kupoza chipu, zimeziba vumbi mpaka nimelivuta kwa koleo likatoka kipande kizima kama kitambaa, na pesti juu ya chipu imekauka ukiigusa kwa kucha inamomonyoka kama chokaa. Sasa pesti ndo inabeba joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye hitisinki, ikikauka inaacha mianya ya hewa na hewa haipitishi joto vizuri. Safisha, paka mpya kidogo tu, saizi ya punje ya choroko.

Nikipuliza na blowa je?

Poa, ila shikilia feni na kijiti isizunguke, blowa inaizungusha kuliko uwezo wake na beringi zinaharibika.

Nimenunua pesti nibadilishe kwenye PS5, nianzie wapi?

Usianze kabisa ndugu yangu, nakuomba! Chipu kuu ya PS5 haina pesti, Sony waliweka metali ya majimaji yenye galiamu, aina ya metali, ndani yake, inapitisha joto kuliko pesti lakini inapitisha na umeme, tone moja likidondokea kwenye bodi umeua mashine, na galiamu hiyo hiyo inakula alumini. Wewe chomoa umeme, toa kava, halihitaji bisibisi, utaona vitundu viwili walivyoviweka maalum vya kukusanyia vumbi, vuta vumbi na vakyumu, na feni pia ipo hapo, ile ya toleo la 2020 ni kubwa, milimita 120 kwa unene wa 45.

Xbox 360 ya mjomba inawaka taa nyekundu tatu, nayo joto?

Mara nyingi ndiyo, mashine ikiwaka chipu inatanuka, ikizimwa inanywea, mwisho viunganishi vya chipu vinapasuka. Mwaka 2007 Microsoft walirefusha waranti ya tatizo hilo kufika miaka 3, na walitenga zaidi ya dola bilioni 1. Ukiipasha na hitigani, ile mashine ya kupuliza hewa ya moto, inaweza kuwaka siku kadhaa halafu inarudi palepale, usimlie mjomba hela yake.

Mashine yangu naiweka kwenye kabati la TV, lina mlango wa kioo.

Itoe leo.