Maswali ya Wasomaji: Nani humweka jaji, na nani aweza kumwondoa?

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu majaji wa Mahakama Kuu ya Kenya. Majibu yanawahusu pia majaji wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi na wale wa Mahakama ya Uajiri na Mahusiano ya Kazi, kwa kuwa Katiba imewapa hadhi ile ile.

SWALI: Rais akiletewa majina ya majaji, ana haki ya kuyachuja? Nakumbuka kuna waliokaa muda mrefu bila kuapishwa. (Msomaji, Machakos)

Hana. Kifungu cha 166 cha Katiba ya 2010 kinasema Rais huteua majaji kulingana na mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama, ambayo wengi huiita JSC. Kwa Jaji Mkuu na Naibu wake, Bunge la Kitaifa lazima pia liidhinishe. Kwa jaji wa Mahakama Kuu, Bunge halihusiki kabisa. Majina yakitoka kwenye Tume, kazi ya Rais ni kutia sahihi, kuchapisha uteuzi katika Gazeti Rasmi la Serikali na kusimamia kiapo.

Unachokumbuka kilianza Julai 2019. Tume ilipeleka majina 41, mengine ya Mahakama ya Rufaa na mengine ya zile mahakama mbili tulizozitaja hapo juu. Rais Uhuru Kenyatta aliyakalia akisema baadhi ya waliopendekezwa wana doa la kimaadili. Februari 2020 majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kwamba hana hiari katika jambo hili. Bado hakuwateua. Mmoja wa wale 41 alifariki dunia akisubiri. Juni 2021 Rais aliteua 34 na kuwaacha sita: majaji Aggrey Muchelule, George Odunga, Joel Ngugi na Weldon Korir, pamoja na Evans Makori na Judith Omange waliokuwa wakitoka ngazi ya hakimu. Oktoba mwaka huo mahakama ilimpa siku 14 awateue, amri hiyo nayo ikasitishwa na Mahakama ya Rufaa. Sita hao waliapishwa Septemba 2022, Rais William Ruto alipoingia madarakani.

Hapo ndipo udhaifu wa Katiba unapoonekana. Imemnyima Rais hiari lakini haikuandika siku ngapi anazo za kuteua, wala nini kifanyike akikaa kimya. Kwa hiyo aliye na kalamu anaweza kuchelewesha hata kama hawezi kukataa, na wanaoumia ni wenye kesi zinazosubiri jaji.

Njia nyingine ya kumwongezea Rais nguvu iliwahi kujaribiwa kupitia Bunge. Mwishoni mwa 2015 sheria ilibadilishwa ili Tume impelekee majina matatu ya Jaji Mkuu achague moja. Mahakama Kuu ilikitupa kifungu hicho mwaka 2016, na Tume ikaendelea kupeleka jina moja tu.

SWALI: Nimekuwa wakili kwa miaka tisa. Nahitaji nini ili niombe ujaji, na usaili huwaje? (Msomaji, Kisumu)

Subiri mwaka mmoja. Katiba inataka shahada ya sheria na uzoefu wa angalau miaka kumi kama hakimu mwenye taaluma ya sheria, wakili, msomi mahiri wa sheria au mtaalamu katika fani nyingine ya sheria inayohusika. Miaka hiyo unaweza kuijumlisha: minne ya uhakimu na sita ya uwakili inatosha. Zaidi ya hapo wanatazama maadili, uadilifu na kutopendelea.

Tume hutangaza nafasi magazetini na kwenye tovuti yake. Utajaza fomu, utaambatisha vyeti, na utatoa mifano ya maandishi yako ya kisheria: hukumu ulizoandika kama ni hakimu, au hoja ulizowasilisha mahakamani kama ni wakili. Utaombwa pia vibali vya mamlaka ya ushuru, idara ya upelelezi wa jinai, tume ya maadili na kupambana na ufisadi, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, kampuni ya kumbukumbu za mikopo na Chama cha Wanasheria. Anza kuvitafuta mapema. Kodi uliyosahau kulipa, au malalamishi ya mteja wa zamani yanayokusubiri kwenye Chama cha Wanasheria, hukuchafulia faili kabla hujafika mbele ya makamishna.

Majina ya walioomba na ya walioteuliwa kwa usaili huchapishwa, na mwananchi yeyote anaalikwa kupeleka taarifa alizo nazo kuhusu mwombaji. Usaili hufanywa hadharani. Jiandae kuulizwa juu ya hukumu zako zilizobatilishwa kwenye rufaa, mali yako, na kesi ulizowahi kushtakiwa wewe mwenyewe. Anayejikwaa mara nyingi si asiyejua sheria bali ni yule ambaye maandishi yake hayalingani na anayoyasema kwa mdomo.

Wanaokusaili huongozwa na Jaji Mkuu. Wengine ni jaji wa Mahakama ya Juu na wa Mahakama ya Rufaa, kila mmoja akiwa amechaguliwa na wenzake, jaji wa Mahakama Kuu na hakimu, mwanamke na mwanamume, waliochaguliwa na chama cha mahakimu na majaji, Mwanasheria Mkuu, mawakili wawili waliochaguliwa na mawakili, mtu mmoja kutoka Tume ya Utumishi wa Umma, na wawakilishi wawili wa wananchi, wasio wanasheria, wanaoteuliwa na Rais kwa idhini ya Bunge la Kitaifa. Jumla 11. Msajili Mkuu wa Mahakama ni katibu. Ukihesabu, wale walioletwa na Rais hawafikii nusu, na hilo halikutokea kwa bahati.

SWALI: Kesi yangu ya mkataba ilikamilika kusikizwa, lakini huu ni mwezi wa saba tangu hapo na jaji hajatoa hukumu. Jirani ananiambia niandike ombi aondolewe kazini. Nifanye hivyo? (Msomaji, Nakuru)

Si hatua ya kwanza. Kanuni za mashauri ya madai, Amri ya 21, zinataka hukumu isomwe papo hapo au ndani ya siku 60 baada ya kesi kukamilika. Jaji akishindwa, anapaswa kuandika sababu kwenye rekodi, apeleke nakala kwa Jaji Mkuu, kisha apange tarehe nyingine. Kwa hiyo mwombe wakili wako alipekue faili: sababu zimeandikwa? Tarehe imepangwa? Kisha mwandikie msajili wa kituo barua yenye namba ya kesi, tarehe ya mwisho ya kusikizwa na tarehe zote zilizoahirishwa. Usipojibiwa, peleka malalamishi kwa ofisi ya mahakama inayoshughulikia malalamishi ya umma. Hukumu nyingi zilizokwama hufufuka hapo.

Kuhusu kumwondoa, tazama yaliyompata Jaji Martin Muya. Alilalamikiwa kwamba alichukua miezi kadhaa kutoa sababu za uamuzi wake katika kesi iliyohusu benki. Jopo lililoundwa kumchunguza lilipendekeza aondolewe. Mwaka 2022 Mahakama ya Juu ililipindua pendekezo hilo: kuchelewa kule halikuwa jambo zuri, lakini hakukufikia kiwango cha utovu mkubwa wa nidhamu.

Na ikiwa hukumu itatoka uione ni mbovu, hiyo ni rufaa, si ombi la kumwondoa jaji. Notisi ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14 tangu uamuzi, na rekodi ya rufaa ndani ya siku 60 baada ya notisi. Omba nakala ya mwenendo wa kesi kwa maandishi ndani ya siku 30, na umpe mpinzani wako nakala ya barua hiyo. Usipofanya hivyo, siku ambazo mahakama itatumia kuchapa mwenendo hazitaondolewa kwenye hesabu ya zile 60. Wapo walioshughulika kulalamika kwa Tume huku siku za rufaa zikiwaponyoka.

SWALI: Basi ni makosa gani humwondoa jaji, na ombi likishafika kwa Tume hupitia wapi? (Msomaji, Mombasa)

Kifungu cha 168 kimetaja sababu tano: kushindwa kazi kwa maradhi ya mwili au akili, kukiuka kanuni za maadili zilizowekwa na sheria, kufilisika, kutoimudu kazi, na utovu mkubwa wa nidhamu. Nje ya hizo hakuna.

Ni Tume pekee inayoweza kuanzisha mchakato, ama yenyewe ama kwa ombi la mtu yeyote. Rais hawezi, Bunge haliwezi. Ombi huwa la maandishi na lieleze mambo yaliyotendeka. Andika tarehe, mahali, maneno yaliyosemwa, waliokuwapo, kisha utaje ni sababu ipi kati ya tano unayoitegemea. Ambatisha mwenendo wa kesi na hati za viapo za mashahidi. Maombi mengi hufia hapa kwa sababu yamejaa hasira na maneno kama “alihongwa”, bila hata shahidi mmoja wa kusema aliona nini.

Jaji hupewa nafasi ya kujibu. Tume ikiridhika kuwa kuna sababu, humpelekea Rais ombi hilo. Tangu siku alipolipokea, Rais ana siku 14 za kumsimamisha jaji na kuunda jopo kulingana na mapendekezo ya Tume. Kumbe Katiba inajua kumwekea Rais saa inapotaka! Jopo la jaji wa kawaida lina watu saba: mwenyekiti na wengine watatu ambao ni majaji, waliowahi kuwa majaji au wenye sifa za ujaji, na ambao hawakuwa katika Tume miaka mitatu iliyotangulia, wakili wa miaka 15, na watu wawili wenye uzoefu wa mambo ya umma. Likiwa ni jopo la Jaji Mkuu, mwenyekiti ni Spika wa Bunge la Kitaifa.

Ushahidi unaotakiwa uko kati ya ule wa madai na ule wa jinai. Mapendekezo ya jopo yanambana Rais. Jaji asiporidhika ana siku kumi za kukata rufaa katika Mahakama ya Juu, na Rais hawezi kumwondoa kabla rufaa haijaisha.

Ni safari ndefu. Jopo la kumchunguza Jaji Joseph Mutava liliundwa 2013, likapendekeza aondolewe 2016, na Mahakama ya Juu ikatoa neno la mwisho 2019. Muda huo wote jaji aliyesimamishwa hupokea nusu ya malipo. Wengine hawasubiri: Nancy Baraza, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, alijiuzulu Oktoba 2012.

Kasoro moja inatusumbua. Hakimu anaweza kuadhibiwa na Tume kwa viwango mbalimbali, lakini kwa jaji Katiba haikuweka adhabu ya katikati. Ama ombi linatupwa, ama anaundiwa jopo. Jaji mwenye kosa la wastani hivyo huangukia upande mmoja au mwingine.

SWALI: Serikali ikikasirishwa na hukumu, inaweza kumpunguzia jaji mshahara au kufuta cheo chake? (Msomaji, Garissa)

Haiwezi. Kifungu cha 160 kinakataza malipo yake kubadilishwa kwa namna ya kumuumiza, na kinakataza kufuta ofisi ya jaji ambaye bado ameikalia. Mshahara unatoka moja kwa moja kwenye Hazina Kuu. Hashtakiwi kwa alilotenda kwa nia njema katika kazi ya mahakama. Kumhamisha kituo ni juu ya Jaji Mkuu.

Mshiko wa serikali uko kwenye bajeti ya uendeshaji: majengo, makarani, mafuta ya magari, idadi ya majaji wapya wanaoweza kuajiriwa. Bunge ndilo linalopitisha fedha hizo. Mfuko wa Mahakama wa Kifungu cha 173, wa kugharimia uendeshaji huo, ulichelewa mno na ulianza kutumika mwaka 2022 tu.

SWALI: Jaji hustaafu akiwa na umri gani? (Msomaji, Meru)

Miaka 70. Akitaka, anaweza kuondoka wakati wowote baada ya 65.

SWALI: Nafanya biashara Arusha na Nairobi. Tanzania mambo ni yayo hayo? (Msomaji, Namanga)

Sivyo. Ibara ya 109 ya Katiba ya Tanzania inasema Rais huteua majaji wa Mahakama Kuu baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Kushauriana si kufungwa na ushauri. Sharti la miaka kumi lipo huko pia, ila Rais anaweza kulitengua akiridhika kuwa mtu anafaa. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60, na Rais anaweza kumwongezea muda jaji akikubali kwa maandishi.

Katika kuondoa, Rais mwenyewe ndiye anayeona kama suala linahitaji kuchunguzwa. Anaweza kumsimamisha jaji baada ya kushauriana na Jaji Mkuu, kisha anateua tume ya mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili. Mwenyekiti na angalau nusu ya wajumbe lazima wawe majaji au waliowahi kuwa majaji katika nchi ya Jumuiya ya Madola. Tume hiyo ikishauri jaji aondolewe, Rais humwondoa. Ikishauri vinginevyo, kusimamishwa kunaisha. Kwa hiyo kama una malalamiko dhidi ya jaji wa Arusha, usinakili fomu ya Nairobi: Kifungu cha 168 hakivuki Namanga.